Huyu Tian hajui kuchuna chai: Tunavyopima drama za BL huku Kericho

Nianze na swali. Kama wewe ni nesi, halafu uone muigizaji akimdunga mgonjwa sindano kupitia shati, utaendelea kuamini hiyo sinema? Kama wewe ni mtu wa boda na stering anaondoka na pikipiki ambayo hata hajaiwasha, si utacheka?

Basi elewa kilichotupata Jumapili moja hapa Kericho. Tulifungua drama ya Thailand tukitarajia mambo ya kila siku, majumba marefu ya Bangkok na vijana wa chuo wenye nyuso laini kama za watoto. Badala yake tukaona milima ya kijani, ukungu, na watu wamebeba vikapu mgongoni wakichuna majani chai.

Chai, msee. Kama hii yetu.

Dada mmoja wa Kapsoit, ambaye amekuwa akichuna tangu amalize Fomu Foo, alininyang'anya simu na kuisimamisha hapo hapo. Akarudisha nyuma. Akatazama tena mikono ya stering. "Huyu anang'oa," akasema. "Hachuni."

Mimi nimesoma maoni mengi sana kuhusu uigizaji wa hizi drama, mengine marefu kuliko barua ya kuomba basari. Hakuna lililonishinda kama hilo la maneno mawili.

Kama hujui nazungumzia nini, BL ni zile drama za kutoka Asia ambazo wanaopendana ni wavulana wawili. Thailand ndio wamezifanya kuwa biashara kubwa, hasa tangu SOTUS ya 2016, ile ya wanafunzi wa uhandisi na wakubwa wao wakali. Lakini wengi wetu tuliingia kupitia 2gether, mwaka wa 2020. Unakumbuka Machi ya mwaka huo, shule zimefungwa, kafyu, hakuna kazi? Hiyo drama ilikuwa inatoka YouTube bure, na maandishi ya Kiingereza hapo chini. Nilikuwa chuoni mwaka wa pili, tukatumwa nyumbani. Chuo kilipofunguliwa sikurudi, karo ilikuwa imekwama. Hiyo ni stori ya siku nyingine, ingawa utaona inarudi hapa chini, maana kuna drama moja ilinigusa penye kidonda.

Siku hizi tunatazama tukiwa wanne, kwa nyumba yangu Nyagacho, chumba kimoja na kitanda ambacho ndicho pia kochi. Tunapenda saa za alasiri kwa sababu unajua mvua ya Kericho. Ikianza kupiga mabati, jirani hasikii unatazama nini, na hata wewe husikii, lakini maandishi si yako hapo chini? Kuna mimi. Kuna huyo dada wa Kapsoit. Kuna jamaa wa boda kutoka Litein aliyelelewa na sinema za DJ Afro, na kwake muigizaji yeyote ni stering ama ni adui, katikati hakuna. Halafu kuna kijana mmoja wa upande wa Bomet. Huyo haongei sana. Sitakuambia zaidi ya hapo.

Drama yenyewe inaitwa A Tale of Thousand Stars. Ilitoka 2021, vipindi kumi, kazi ya kampuni ya GMMTV na mwelekezi Noppharnach Chaiwimol, ambaye mashabiki humwita Aof. Stori ni hii: Tian ni mtoto wa matajiri wa Bangkok, moyo wake ni mgonjwa. Anapata moyo wa mtu mwingine, msichana anayeitwa Torfun aliyefariki kwenye ajali. Torfun alikuwa mwalimu wa kujitolea katika kijiji kimoja cha milimani. Tian anaamua kwenda huko kumalizia alichoacha yule dada, na huko anakutana na Phupha, mkuu wa walinzi wa msitu. Wanakijiji wanalima chai. Tian anafundisha watoto hesabu, na kupitia hesabu hizo hizo inajulikana kwamba mnunuzi wa chai amekuwa akiwapunja watu wa kijiji.

Sasa turudi kwa mikono. Jamaa wa Litein alimtetea stering vikali. "Si ni tajiri? Hafai kujua kuchuna. Hiyo ndiyo kuigiza!" Ni hoja nzuri. Mix Sahaphap, anayeigiza Tian, anafaa kuonekana mgeni shambani. Lakini dada hakukubali hivi hivi. Alisema mtu asiyejua kuchuna ana namna yake ya kutojua: anachagua sana, anatazama kila jani kama anatafuta viroboto, anachelewa, kikapu chake hakijai. Mtu ambaye hajawahi kabisa kuambiwa ni majani mawili na kichipukizi ndiye anashika tu na kuvuta. "Wamama walio nyuma yake," akasema, "hao wanajua. Tazama vidole vyao, hawaangalii hata." Na ni kweli, ukiacha kumtazama stering, hao wa nyuma ndio utawaamini kwanza.

Kisha akaongeza jambo ambalo mimi mtoto wa mchuna chai nilipaswa kuliona na sikuliona. Utomvu wa chai hubadilisha rangi ya vidole. Ukichuna wiki mbili, tatu, vinakuwa vyeusi, na hata ukienda kanisani umevaa vizuri watu watajua kazi yako. "Huyu amekaa kijijini miezi na vidole ni vya karani." Tukacheka sana. Lakini fikiria: mpakaji vipodozi mmoja tu, rangi kidogo ya kahawia kwenye kucha, na ungeamini kila neno ambalo Tian anasema baadaye kuhusu kuwapenda hawa watu.

Hatukucheka tulipofika kwa mnunuzi. Wewe kama ni mtu wa Nairobi labda hiyo sehemu utaipitisha haraka ufike kwa mapenzi. Hapa kwetu nyumba ilinyamaza. Kilo inayopotea kati ya shamba na karatasi si hadithi ya Thailand. Kila mkulima mdogo kutoka Ainamoi hadi Konoin ana stori yake ya mizani, ya gunia linalokatwa uzito kuliko uzito wake, ya bonasi ya magharibi ya Bonde la Ufa ambayo hutoka chini ya ile ya mashariki huku majani ni yale yale ya kijani. Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchuna chai hapa Kericho kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi na hao watu wengi wana karo ya kulipa. Kwa hivyo Tian aliposimama kuwatetea wanakijiji, jamaa wa Litein alipiga kofi la mkono mmoja kwenye paja. Hapo Mix anaigiza vizuri, wacha nimpe haki yake. Hapigi kelele kama wakili wa sinema. Sauti inamtetemeka, maana ni kijana wa mjini ambaye kwa mara ya kwanza ana hasira kwa niaba ya mtu mwingine na hajui aiweke wapi.

Tatizo kubwa kwetu lilikuwa Phupha. Si muigizaji, ni kazi yake. Msomaji, unaelewa kwamba mtu wa Bomet akiona sare ya askari wa msitu hafikirii mapenzi? Watu waliondolewa msitu wa Mau 2018, na tena 2019, na kuna familia ambazo hadi leo ukitaja msitu mezani chakula kinapoa. Halafu Thailand inakuletea mlinzi wa msitu mwenye mabega mapana na kukuambia, huyu ndiye stering, mpende. Kijana wa Bomet alitazama kipindi chote cha kwanza amekunja mikono.

Kilichombadilisha ni uigizaji wa Earth Pirapat, na hapa nataka ukae kidogo nami kwa sababu ndipo watu hutofautiana. Mtandaoni utaona wengi wakisema Earth ni mgumu, ati uso haubadiliki, ati amesimama kama nguzo ya stima. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini Phupha ni mtu ambaye kazi yake yote ni kutoonyesha. Ni mkubwa wa wengine, kijiji kinamtegemea, na huyu mgeni anayempenda ni mtu wa kuja na kuondoka. Earth anaigiza hayo kwa vitu vidogo: anaangalia pembeni nusu sekunde mapema mno, anakuwa mkali pale ambapo hakukuwa na haja ya ukali. Anaweza kumkemea Tian kwa kutojitunza na wewe ukasikia ni mapenzi, hata kama maandishi ya chini hayajasema.

"Huyo haigizi ugumu," kijana wa Bomet alisema. Hiyo ilikuwa kipindi cha tano au sita, na ndiyo sentensi yake ndefu zaidi siku hiyo. "Anaigiza mtu anayejizuia. Ni tofauti. Mtu mgumu hapumui hivyo."

Tukarudisha nyuma kuangalia kama ni kweli anapumua hivyo. Anapumua.

Kuna swali moja lilitugawanya hadi leo. Torfun alimpenda Phupha, na moyo wa Torfun ndio uko ndani ya Tian. Sasa nani anapenda? Dada anasema ni moyo wa yule msichana, na kwamba hiyo ni njia ya waandishi kuogopa, kuweka mwanamke katikati ili wavulana wawili wasipendane moja kwa moja. Hoja kali. Mimi nasema ukimtazama Mix vizuri, yeye mwenyewe ameamua. Mwanzoni anamtazama Phupha kwa udadisi, kama mtu anayesoma daftari la mwenyewe. Baadaye udadisi unaisha na kunabaki tu kumtaka. Hilo badiliko ni kazi ya muigizaji. Jamaa wa Litein anasema moyo ni pampu, tuache maneno mengi.

Na kwa sababu najua unataka kuuliza: ndiyo, wanabusiana, na ndiyo, watu hubishana sana kuhusu busu. Hizi drama zina ugonjwa wa busu la midomo miwili iliyogusanishwa na kuachwa hapo, kama stima imekatika na kila mtu anangoja irudi. 2gether ilisutwa sana kwa hilo. Bright na Win walikuwa watamu pamoja, wakikaa tu na gitaa unacheka peke yako, lakini mapenzi yao yalikuwa yanasimama mlangoni. Linganisha na Bad Buddy, iliyotoka mwishoni mwa 2021, mwelekezi ni huyo huyo Aof. Pat na Pran ni watoto wa majirani wanaochukiana, kila familia ina biashara yake ya vifaa vya ujenzi. (Nenda mtaa wowote wenye hadiweya mbili zinazotazamana Kericho uniambie hiyo ni stori ya mbali.) Wanabusiana juu ya paa mwisho wa kipindi cha tano. Lakini kinachokushika ni uso wa Nanon Korapat, ambaye ni Pran. Ni uso wa mtu aliyepata kitu alichokitaka miaka mingi na hapo hapo anahesabu kitamgharimu nini. Halafu anaondoka, anamwacha Ohm Pawat hapo amesimama. Jamaa wa Litein, mtu wa DJ Afro, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Sasa mbona anaondoka?" Kwa mara ya kwanza alikuwa amesahau kutafuta adui.

Drama iliyoniumiza mimi ni nyingine. I Told Sunset About You, ya 2020, vipindi vitano tu, imepigwa Phuket. Teh na Oh-aew walikuwa marafiki, wakakosana, wanakutana tena wakijiandaa kuingia chuo kikuu. Billkin ni Teh, PP Krit ni Oh-aew. Kama unataka kujua uigizaji unafika wapi kwa hizi drama, anza hapo. Billkin analia kama mtu anayelia kweli, pua na yote, si lile chozi moja la mafuta linaloshuka polepole.

Sasa, Teh anapata nafasi ya chuo. Na anaiachia nafasi hiyo ili Oh-aew aipate. Mama yake Teh anauza tambi, ndiye amemlea kwa hiyo jiko. Mtandaoni mashabiki wengi waliona ni mapenzi makubwa. Kwetu Nyagacho karibu tupigane. Dada aliruka juu: "Nafasi ya chuo? Mama amesimama jikoni miaka yote hiyo, wewe unaitoa kama pipi?" Jamaa akasema huyo Teh anafaa viboko. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa natazama mama, kwenye ile sehemu anagundua. Muigizaji wa mama hafanyi mengi. Lakini huo uso naujua. Niliuona kwenye jikoni ya nyumbani kwetu nilipomwambia mamangu sirudi chuoni, na mimi hata sikuwa nimeitoa nafasi kwa mtu ninayempenda, nilikuwa tu nimeipoteza kwa salio la karo. Kwa hivyo ukiniuliza kama hiyo drama imeigizwa vizuri, mimi si shahidi wa kuaminika.

Jambo moja ambalo silipendi, na hapa naongea kama shabiki. Kampuni za Thailand huuza waigizaji wawili wawili, kama viatu. Wakiigiza wapenzi mara moja, wataandamana kwenye matangazo, matamasha, kila mahali, na mashabiki wanataka wawe wapenzi kweli. Mmoja akionekana na msichana, kunakuwa na matanga mtandaoni. Hiyo inaharibu hata kazi yenyewe, maana watu wanaacha kuangalia mhusika wanaanza kuchunguza mtu. Jamaa wa Litein ndiye alilimaliza: "Stering akipigwa risasi, wewe hutumi mchango wa mazishi."

Lakini naelewa kwa nini wengine wanataka iwe kweli. Msomaji, tusidanganyane kuhusu mahali tulipo. Kwetu kifungu cha 162 bado kiko kwenye sheria, na kinafika hadi miaka 14. Rafiki, sinema ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi, ilienda Cannes 2018 huku nyumbani imepigwa marufuku, na mahakama ikairuhusu siku saba tu. Samantha Mugatsia akachukua tuzo ya muigizaji bora wa kike FESPACO mwaka uliofuata kwa kazi ambayo watu wengi wa mtaani kwao hawakuwahi kuiona kwenye ukumbi. Na kuna tarehe moja ambayo huwa nairudia kichwani. Mei 24, 2019. Siku hiyo Mahakama Kuu Nairobi ilikataa kuondoa vifungu hivyo. Siku hiyo hiyo, Taiwan, wanaume walioshikana mikono walikuwa kwenye foleni ya kusajili ndoa. Thailand nao wakafuata Januari 2025.

Kwa hivyo tukiwa wanne kwa kitanda kimoja tukibishana kuhusu nani anapumua vipi, kuna mmoja wetu ambaye pengine habishani kuhusu uigizaji. Sijamuuliza. Ninachojua ni kwamba yeye ndiye aliyeona kupumua, na sisi watatu tukahitaji kurudisha nyuma.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani Konoin wikendi. Mamangu alikuwa ametoka kupeleka majani, ameketi anajipasha miguu moto jikoni, vidole vyeusi vile. Nilikuwa natazama tena A Tale kwa simu, kipindi kile cha shambani, na nikasahau kwamba yuko nyuma yangu.

"Weri, hiyo ni wapi? Ni Mogogosiek?"

Nikamwambia ni Thailand. Akavuta stuli. Mama hasomi maandishi ya Kiingereza, yanapita haraka, na mimi sikumtafsiria kitu, kusema kweli niliogopa. Akatazama tu picha. Alimsuta Tian kwa kuchuna, kama nilivyotarajia. Akasifu wale wamama wa nyuma. Phupha akatokea, akasema kitu kikali, akageuka kuondoka.

"Huyo askari anampenda huyo mwalimu," mama akasema.

Mvua ilikuwa bado haijaanza, kwa hivyo kila kitu kilisikika vizuri. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akaongeza kuni. Akanyamaza kwa muda ambao mimi niliuona ni mrefu sana. Kisha akaelekeza kidole kwenye skrini, kwa kile kikapu.

"Na huyo anayenunua majani yao, anapima vizuri?"

"Hapana. Anawaibia."

"Ameshikwa?"

"Bado."

"Basi weka ingine."